Kona ya Kaskazini Mashariki

Familia imeniomba niandike maneno machache ya kuwekwa mwanzoni mwa kitabu cha Yasini tutakachogawa siku ya arobaini ya dada yangu mkubwa, Mbak Wening Rahayu. Kwa kawaida kitabu cha namna hii huwa na picha ya marehemu, tarehe mbili na dua. Picha ipo, ile ya shela ya kijani. Tarehe zipo. Lakini pale msibani majirani wengi waliniuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, hasa dada yangu alikuwa akifanya kazi gani, na mama yetu alikuwa ananisikia nikibabaika kujibu. Walipoondoka akaniambia, "Waandikie, Ratmi. Mimi nimemzaa na sijawahi kuweza kuieleza." Basi nimeandika, na hayakuwa machache. Mtanisamehe. Nikiacha kuandika naanza kulia, kwa hiyo niliendelea.

Kazi yake ilikuwa kupanga vioo vya simu. Hakutengeneza simu, wala hakuandika ile lugha ya kompyuta. Hayo waliyafanya wenzake katika kampuni yao ndogo pale Sleman. Yeye aliamua kitufe kikae wapi, kiwe kikubwa kiasi gani, kiitweje, na mtu akikigusa aone nini au asikie nini. Alikuwa akisema kazi hiyo inaanzia kichwani mwa mtu, muda mrefu kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mtu anaweza kushika mambo mangapi kwa pamoja? Anasahau wakati gani? Mkono wake umezoea nini? Ukishayajua hayo, alisema, kioo kinajipanga chenyewe. Usipoyajua, utakipamba kama gari la harusi na watu watalia mbele yake.

Nadhani aliyaanza haya tangu utotoni. Mama alikuwa akiuza jamu sokoni, zile dawa zetu za mitishamba za kunywa, chupa zimesimama ndani ya kapu analolibeba mgongoni. Siku moja Mbak Wening, akiwa bado shule ya msingi, aliziosha chupa zote akazirudisha kwa kufuata urefu, fupi mbele na ndefu nyuma, ili kapu lipendeze. Kesho yake mama alimmiminia mke wa mwalimu glasi ya jamu chungu ya majani, ile ya kutibu homa, badala ya tamu ya mchele aliyoizoea. Mke wa mwalimu aliitema barabarani mbele ya watu. Nyumbani dada yangu alisemwa mpaka magharibi. Lakini aliniambia baadaye kwamba hakuwa akiyasikia maneno. Alikuwa akishangaa: mama ana macho mazima, chupa ni za kioo, dawa moja ni ya kijani na nyingine nyeupe, na bado mkono wake ulikwenda palepale pa siku zote bila kuyauliza macho.

Wazee wa msikiti wetu nao watakumbuka swichi. Zilikuwa tatu ukutani, zimefanana kama mayai, na alfajiri gizani mwadhini alikuwa akiwasha feni kila mara badala ya kipaza sauti, kisha anaadhini mwenyewe na mijusi. Watu walimcheka. Mbak Wening hakucheka. Alichukua punje moja ya tasbihi iliyokatika akaigandisha kwa gundi juu ya swichi ya kipaza sauti. Ikawa basi. Imamu alipomshukuru, alijibu kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba wasahaulifu kwa hekima yake, na si vizuri kumlaumu mja kwa namna alivyoumbwa.

Sasa nisimulie habari ya Pakde Mugiyo, maana humo ndimo nilimwona dada yangu alivyokuwa.

Pakde ni kaka mkubwa wa mama. Macho yake yalizimika akiwa kijana, na tangu hapo ni mkandaji; mikono yake inajulikana Imogiri nzima. Mkewe alipofariki alibaki peke yake katika nyumba yao, na nyumba ile anaijua kama ulimi unavyoyajua meno. Ana mtoto mmoja tu, Mbak Tutik, aliyeolewa Batam, kisiwa cha mbali, na anayefanya kazi kiwandani huko. Kila Ijumaa Mbak Tutik alimpigia baba yake na kumsihi ahamie kwake, ghorofa ya tano. Pakde alikuwa akikataa kwa mzaha, lakini kwa mama alisema bila mzaha: "Hapa mimi ni Mugiyo mkandaji. Kule nitakuwa kikapu kilichowekwa kwenye kiti."

Shida ilikuwa wateja. Mkewe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeshika simu na kupanga saa. Watu siku hizi hawabishi hodi; wanatuma maombi kwa simu na wanataka jibu hapohapo. Pakde anakanda, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, na hakioni kioo. Wenzake wa ushirika wa wakandaji wasioona walikuwa na shida hiyohiyo, na ushirika ukaiomba kampuni ya dada yangu itengeneze programu inayoongea. Mbak Wening akapewa kupanga kioo chake.

Mbak Tutik aliposikia, akaweka sharti. Angekuja Lebaran, sikukuu ya Idi. Akimkuta baba yake anapokea wateja mwenyewe, na akizidiwa anaweza mwenyewe kumpigia bintiye, basi hatasema tena habari ya Batam. La sivyo wataondoka pamoja. Pakde akakubali, na Pakde akikubali jambo harudi nyuma. Kwa hiyo programu ile kwa wengine ilikuwa kurahisisha kazi; kwa Pakde ilikuwa nyumba yake.

Mwanzoni simu ilikuwa ikisema, "Gusa juu kulia." Bibi mmoja wa ushirika akainua mkono hewani juu ya simu, akawa anapapasa upepo. Simu imelala mkekani. Juu yake ni wapi kama si hewani? Mbak Wening alirudi nyumbani anatabasamu. Akaamua kutumia pande za dunia, kwa sababu ndivyo tunavyosema sisi Wajava. Shemeji yetu wa Jakarta bado anasimulia alivyoketi kula kwetu akaambiwa ana punje ya wali upande wa mashariki wa mdomo, na jinsi daktari wa meno wa Bantul alivyomuuliza linalouma ni lile la kusini au la kaskazini. Anatucheka, lakini mtoto wetu wa miaka mitano unaweza kumzungusha chumbani mpaka apate kizunguzungu na bado atakuonyesha kaskazini iko wapi.

Basi kioo kikagawanywa kona nne. Upande wa simu unaowekwa sikioni ukaitwa kaskazini. Kona ya kaskazini mashariki ilikuwa ya kumpokea mteja. Kusini mashariki, kumkataa. Kaskazini magharibi, kupiga simu kwa mtoto au ndugu. Kusini magharibi, kusikia tena. Ukigusa, simu inajibu, "Sawa, imefanyika."

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa wazi wa ushirika. Walikaa chini safu kwa safu, wote wameelekea Merapi, mlima wetu wa moto, yaani kaskazini, kwa kuwa mwalimu alisimama upande huo. Walijifunza asubuhi moja tu. Mimi nilikuwepo, nikigawa chai. Mzee mmoja alipokawia, Pakde alimwambia, "Ukipotewa na kaskazini nusa tu, Merapi inanuka kiberiti." Yule mzee akajibu kwamba kinachonuka ni soksi za Pakde. Pak Subekti, mkuu wa kampuni, alifurahi sana. Alisema hajawahi kuona watu wazima wakishika jambo haraka vile. Dada yangu akawanunulia wote tempe ya soya ya kukaanga.

Kisha wakarudi makwao, na kila kitu kikaharibika.

Habari ilitufikia kwa njia ya soko. Bu Ambar, mke wa mkuu wa kijiji, mteja wa Pakde wa miaka mingi, alimsimamisha mama penye duka la nazi na kumuuliza kaka yake ameanza lini kujivuna. Kila akiomba saa anakataliwa. Ameomba asubuhi, ameomba jioni, anakataliwa. "Kama amechoka na mgongo wangu aniambie," alisema, "mgongo huu haujaanza leo." Mama akaenda kwa Pakde, naye akaapa kwamba Bu Ambar ndiye haji, yeye anampokea kila mara na anakaa na mafuta yake yamepashwa moto mpaka yanapoa. Mama, Mungu amsamehe, akamweleza Mbak Tutik.

Siku ileile Mbak Tutik alimpigia dada yangu. Nilikuwa pembeni na simu ilikuwa inaongea kwa sauti.

"Dik Wening, mdogo wangu, sikulaumu," alisema. "Umefanya wema. Lakini baba yangu anasahau, na hajui kwamba anasahau. Hilo ndilo linalonitisha. Leo ni mteja, kesho ni jiko la gesi."

"Nipe mpaka Lebaran, Mbak."

"Lebaran ndiyo hiyo. Tiketi yake nimeshakata."

Ofisini nako malalamiko yalikuwa yanamiminika. Pak Subekti hakuwa mtu mbaya; alisema ni wazee, tuwaite tena tuwafundishe polepole. Mbak Wening alimwomba asiwaite kwanza. Alikuwa ameona jambo lililomkosesha usingizi. Kila aliyekosea alikosea kwa namna yake: mmoja anakataa wateja wote, mwingine anampigia mwanawe kutwa nzima, wa tatu anasikiliza ombi lilelile mpaka simu inazima. Lakini kila mmoja alirudia kosa lake lilelile kila siku, bila kubadilika. Msahaulifu, alisema, leo anaanguka huku, kesho kule. Hawa wanashika njia. Njia gani, alikuwa hajui.

Tulikwenda kwa Pakde baada ya swala ya alasiri, katikati ya Ramadhani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake wa kazi, uso magharibi. Kibla chetu kiko upande huo, na tangu ujana wake anapenda kukaa hivyo ili adhana ikimkuta asihangaike. Simu ilikuwa mbele yake imelala. Mbak Wening hakumwambia kitu. Alimuuliza kona zote nne naye akazitaja zote, kwa kiburi kidogo, kama mtoto anayesomeshwa sura anayoijua. Kisha dada akanituma nje, chini ya ukingo wa paa, nitume ombi kwa simu yangu kama mteja.

Nilisikia simu yake ikiongea, nikasikia ikisema, "Sawa, imefanyika." Kwenye simu yangu likaja jibu: samahani, mkandaji hana nafasi.

Nilipoingia, Pakde alikuwa anatabasamu upande wangu. "Umeona? Nimekupokea. Lete huo mgongo."

Nilimtazama dada. Akanipa ishara niseme kweli. Nikasema, "Pakde, umenikataa."

Akaipapasa simu, akaiacha. "Kumbe Bu Ambar alisema kweli," alisema. "Kumbe watu wote hawa nimekuwa nikiwafukuza mlangoni, na huku nimewapashia mafuta." Kisha akageuza uso ukutani. "Basi labda Tutik yuko sahihi, Nduk, mwanangu. Labda kichwa kimeanza kuvuja. Mwenye kuvuja ndiye wa mwisho kujua kwamba amelowa."

Sitausahau uso wa dada yangu wakati ule. Hakumfariji. Alisema tu, "Nipe hiyo simu, Pakde," kwa sauti ya mtu anayeomba kisu cha kukatia kitunguu. Alikaa mbele yake, goti kwa goti, akaiweka simu mapajani mwake mwenyewe, upande wa sikioni ukiwa mbele, akafumba macho. Akasema kwa sauti, "Kaskazini mashariki, mpokee mteja," akagusa.

Simu ikaanza kuita. Ikaita Batam.

"Baba?" Mbak Tutik alipokea mara moja, pumzi juu juu. "Baba, kuna nini? Umeanguka?"

Mbak Wening alifumbua macho, anaitazama simu kama kitu kilichomng'ata. "Si Pakde, Mbak. Ni mimi. Nimegusa vibaya."

"Wewe? Si wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Basi na wewe nikukatie tiketi," Mbak Tutik alisema, akakata simu.

Pakde alikuwa wa kwanza kucheka, kisha mimi. Dada hakucheka. Alikuwa bado ameinua kidole. Akamwambia Pakde aonyeshe kaskazini mashariki iko wapi. Pakde akanyoosha mkono bila kufikiri, kuelekea pembe ya jiko. Dada akanyoosha wake: pembe ileile ya jiko. Kisha wote wawili wakiwa bado wamenyoosha mikono, yeye akashusha macho kwenye simu, akaizungusha polepole mapajani mwake, akasema, "Subhanallah."

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, maana mwanzoni sikuelewa. Ukumbini wote walielekea kaskazini. Kaskazini ya simu na kaskazini ya dunia zilikuwa kitu kimoja, na vidole vikajifunza haraka kwa sababu havikuwa na cha kujifunza, vilifuata mlima. Walipofika makwao kila mmoja alikaa anavyokaa. Pakde alielekea magharibi, na simu yake ikaelekea magharibi pamoja naye. Lakini ukimwambia Mjava kaskazini mashariki, kidole hakitafuti ya simu. Kinatafuta ile ya kweli, ya mlima na mawio. Na kwa mtu aliyeelekea magharibi, kaskazini mashariki ya kweli inaangukia kona iliyo karibu na mkono wake wa kulia. Kwenye simu kona hiyo ilikuwa imepewa "kataa". Dada alielekea mashariki, ikamwangukia kona ya kupiga Batam. Yeye mwenyewe, aliyezichora kona zile, alipofumba macho alikosea kama wao, kwa kuwa naye ni mtoto wa Bantul.

"Pakde," alisema, "hujasahau hata kimoja. Umekumbuka sawasawa, siku zote, kila mara. Mimi ndiye niliyekwenda kuweka kaskazini mahali ambapo si kaskazini."

Pakde aliwaza. "Kwa hiyo simu ina kaskazini yake?"

"Niliipa mimi."

"Siku hizi kila mtu ana yake," alisema Pakde. Lakini niliona alivyovuta pumzi na mabega yake yakashuka. Alituomba tubaki tufuturu, na usiku ule mama alisema Pakde alisali tarawehe kama kijana.

Pak Subekti alipoelezwa alifurahi kuliko alivyofurahia mafunzo. Ndani ya kila simu kuna dira, alisema. Tuifanye programu iijue dunia, kona zihame zenyewe, kaskazini mashariki iwe ya kweli popote mtu anapokaa. Vijana wa ofisi wakaitengeneza kwa siku chache. Dada aliwaacha, akaipeleka kwa Pakde ijaribiwe. Ilikuwa nzuri mpaka Pakde alipogeuka kumuaga mteja huku simu iko mkononi. Kona zikahama zote chini ya kidole. Alisema ni kama kumkanda mtu anayekimbia. Na alipoiweka juu ya kitanda cha chuma, dira ikachanganyikiwa ikaipeleka Merapi baharini.

Hapo Mbak Wening akafanya jambo ambalo, kwa mimi niliyemjua, lilikuwa gumu kwake. Zile pande za dunia alizipenda. Zilikuwa zimesifiwa. Alizifuta zote. Alisema ukimpa mtu mahali pa kukumbuka, umempa na mahali pa kupotelea. Bora asiwe na haja ya mahali. Programu mpya haikuwa na kona. Unagusa popote, simu inakuambia nani anaomba na saa ngapi. Ukishikilia kidole kikatulia, umempokea. Ukikitelezesha kama unavyomfukuza nzi, umemkataa. Vidole viwili pamoja vinampigia mtoto wako. Na ile "Sawa, imefanyika" aliitoa kwa aibu. Alisema lilikuwa jibu la mtumishi mvivu. Sasa simu ilitaja kilichofanyika na jina la mtu, kisha ikasubiri kidogo, ili aliyekosea apate kurudi.

Siku zilizobaki za Ramadhani alizimaliza kwenye mikeka ya watu. Aliwakalisha wakielekea kila upande, wamelala chali, wamesimama, mikono ina mafuta, mikono ina wali. Kuna bibi aliyemwambia anawazungusha kama kuku wa kuchinjwa wanaotafutiwa kibla. Kidole cha Pakde bado kilikwenda kwenye kona iliyoelekea pembe ya jiko, kwa mazoea. Dada alisema kiende tu, sasa popote ni mlango.

Mbak Tutik alifika na mumewe siku ya kuamkia Lebaran. Asubuhi baada ya swala ya Idi alipiga magoti mbele ya baba yake, akaomba radhi kama ada yetu ilivyo, na wote wawili wakalia. Kisha tukaketi kula ketupat za wali na kuku wa tui. Mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye kiti na sote tulijua ndani yake mna nini. Hakuna aliyeutaja. Mumewe alisifu kuku mara nyingi kupita kiasi.

Tukiwa tunakula, simu ikalia. Pakde alijifuta mkono, akagusa. "Bu Ambar anaomba leo saa kumi alasiri," ilisema simu.

Vijiko vyote vilisimama. Pakde akatelezesha kidole.

"Umemkataa Bu Ambar," ilisema simu. "Kama hukukusudia, gusa tena."

Mbak Tutik alifunika uso kwa viganja. "Baba," alisema, "umemkataa."

"Nimesikia. Ndivyo nilivyotaka." Pakde alirudisha mkono kwenye sahani yake na kuutafuta ubavu wa kuku. "Leo ni sikukuu, na binti yangu yuko hapa. Huyu mama anadhani mimi ni feni, uniwashe saa yoyote."

Mumewe Mbak Tutik alicheka kabla ya kujizuia. Mbak Tutik hakucheka. Alimwambia baba yake, taratibu, "Sasa niite mimi."

Pakde aliweka vidole viwili juu ya kioo. Ndani ya mkoba uliokuwa kwenye kiti simu ikaita. Mbak Tutik aliiacha iite kidogo, akaitoa, akaiweka sikioni, ingawa baba yake alikuwa karibu kiasi cha kugusana naye magoti.

"Halo, Baba," alisema. "Uko wapi?"

"Niko nyumbani," alisema Pakde.

Mbak Tutik alirudi Batam na mumewe peke yao. Pakde yuko Imogiri mpaka leo, na atakuwepo kwenye arobaini, inshallah; ameshaniambia hataki kufuatwa, atakuja na mmoja wa wateja wake.

Jioni ile ya Lebaran nilimpakia dada kwenye pikipiki kurudi kwa mama. Nilidhani angefurahi kwa sauti, apige kelele barabarani, mimi ningepiga. Alikaa kimya mpaka tukafika daraja la mto Opak, kisha akainama karibu na sikio langu akasema kidole cha Pakde kiliteleza mwendo mfupi mno, simu ilikaribia kutomwelewa. Wazee hawatelezeshi mbali kama vijana, ngozi yao ni kavu. Kesho atapunguza umbali. Nilimwambia kesho ni sikukuu bado. Akasema, ndiyo, lakini vidole havijui.

Homa ya dengue ilimchukua msimu wa mvua uliofuata, kwa muda mfupi kuliko tulivyoweza kuamini. Hakuacha mali. Kuna wakandaji wengi katika mkoa wetu ambao hivi sasa, wakati unasoma, wanagusa kioo popote kinapowaangukia na wanaeleweka, na wengi wao hawajawahi kusikia jina lake. Ndugu msomaji, wewe sasa umelisikia. Kabla hujafungua Yasini mtaje kwa Mola wake kwa jina, Wening binti Sastro, umwombee kaburi pana na lenye nuru, na Mwenyezi Mungu amsamehe aliyoyasahau kama yeye alivyotusamehe sisi tuliosahau. Amin.